Pai Juu ya Mbili, Kando ya Nyumba ya Mama

Ua wa nyumbani kwetu umekatwa. Kaka yangu Odhiambo alinipigia simu kunieleza habari hiyo kwa sauti ya mtu aliyeshinda uchaguzi, ati sasa boma lina nguzo, seng'enge na kona nne kama boma la watu wa maana. Mimi si mtu wa kutoka kwangu hivi hivi. Mume wangu husema nikitumwa sokoni hurudi kabla chumvi haijajua imenunuliwa. Lakini kwa hilo nilitoka. Nilipofika Nyatike nikakuta ojuok yote imelala chini, ule mmea wa vijiti vya kijani usio na majani ambao mvua za mawe na mbuzi wote wa dunia hawakuwahi kuushinda, na utomvu wake mweupe bado ukitiririka. Harufu yake mbichi, kali, kama maziwa yaliyotiwa pilipili, ikaniingia puani. Macho yakaanza kuwasha na kutoa machozi, na Odhiambo akafurahi akidhani ninaulilia ua.

"Pole, dada," akaniambia. "Lakini mviringo ni ushamba."

Nilitaka kumjibu kwamba katika mviringo huo ndimo nilimoshinda hoja kubwa kuliko zote maishani mwangu, na kwa kuishinda nikashindwa, na kwamba yeye mwenyewe alikuwepo akisikia. Lakini alikuwa amegeuka kumwonyesha fundi mahali pa kona ya tatu. Nikabaki na utomvu wangu.

Ninyi wa rika langu mliofika kidato cha tatu katika miaka ya tisini mtakumbuka ile siku hesabu ilipobadilisha lugha bila kuaga. Miaka yote tulikuwa tumepima pembe kwa nyuzi, tukaambiwa pembe mraba ni nyuzi tisini na nusu duara ni mia na themanini, tukaapa hivyo. Kisha mwalimu akaingia na kusema kuna kitu kinaitwa redian. Mwalimu wetu alikuwa kijana mrefu wa kutoka upande wa Kuria, mwenye tabia ya kufundisha akiwa ameegemea dirisha, kwa kuwa dirisha lenyewe halikuwa na kioo cha kuvunjika.

"Mduara haujui nyuzi," alisema. "Nyuzi ni za watu. Mduara unajipima wenyewe. Chukua kamba kutoka katikati hadi ukingoni. Sasa ilaze kamba hiyohiyo juu ya ukingo. Pembe uliyoifungua ni redian moja. Nusu duara inakula kamba tatu na kipande kidogo, na hizo tatu na kipande ndizo pai."

Wenzangu waliandika. Mimi niliona mbuzi. Nilimwona mbuzi wetu aliyefungwa kwenye kigingi, amekula nyasi zote mpaka kamba ilipomkataza, akaacha duara safi jekundu la udongo. Nilimwona akitembea ukingoni urefu wa kamba yake, na redian ikafunguka nyuma yake kama mlango. Nilielewa kabla chaki haijatua. Katika darasa lile hakuna aliyeelewa kabla yangu, na nilihakikisha hakuna aliyekosa kujua hivyo.

Nyumbani nilikuwa mzigo. Mlango wa jikoni haukufunguliwa tena, ulifunguka redian moja na nusu. Ugali haukukatwa vipande, uligawanywa kwa sehemu za pai. Dani, mama yake Baba, alikuwa na boma lake dogo ng'ambo ya ua wetu, na kwa desturi sisi wasichana tulilala kwake. Jioni moja alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka kiko chini.

"Huyu Redian," akauliza, "ni wa ukoo gani?"

"Ni kipimo, Dani."

"Ana ng'ombe?" akadakia Odhiambo. "Maana akiwa nao tumpe huyu amchukue leo."

Nilicheka na wao, kwa sababu mtu mwenye akili nyingi huwahurumia wengine. Ndivyo nilivyokuwa nikijiona. Na mambo yangebaki hivyo, ya kuchekana, kama Waya asingekuja.

Waya ni dada yake Baba. Aliwahi kuolewa Karungu, ndoa ikavunjika, akapanga chumba Homa Bay na kuanza kuuza omena, dagaa wa ziwani. Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuitana na watu walio ndani ya mtumbwi, hata akisema siri ilisikika Macalder. Alifika, akanywa maji, akatangaza kwamba ameniombea nafasi katika shule ya huko. Shule ina maabara yenye bomba la maji na la gesi. Ina walimu wa hesabu wawili, nasi huku wetu mmoja alikuwa ameshapata barua ya kuhama muhula ukiisha. Ningekaa naye chumbani kwake. Muhula mpya ukianza, niende.

Mwingine angerukaruka. Mimi nilihisi kama nimeambiwa nikatwe mguu ili nipewe kiatu kizuri. Sikuwahi kulala nje ya sauti ya ng'ombe wetu. Nilipopelekwa kwa mjomba huko Mbita likizo moja, nilirudishwa kabla likizo haijapata joto, kwa sababu nilikataa kula na kila jioni nilikwenda kusimama karibu na kivuko kama mzigo usio na mwenyewe. Nikamtazama Baba anisaidie.

Baba alisema, "Tutaona."

Kwetu "tutaona" ya Baba ilikuwa ni ndiyo iliyovaa koti. Alisema hivyo kuhusu ng'ombe wa kuuzwa, na ng'ombe wakauzwa. Basi nikajua ameshanitoa.

Kilichonithibitishia ni kwamba wiki hiyohiyo alimwita Odhiambo, akamtembeza karibu na lango, akamwonyesha kwa kidole mahali atakapojenga simba yake. Simba ni nyumba ya kijana wa kiume ndani ya boma la babake, na mahali pake hapachaguliwi kwa kupenda kivuli. Nyumba ya mama hutazamana na lango. Mtoto wa kwanza wa kiume hujenga upande mmoja wa lango, wa pili upande wa pili. Kila mtu katika mduara ana mahali pake tangu hajazaliwa. Niliwafuata nyuma, nikauliza kwa utani ambao haukuwa utani, "Na mimi?"

Baba alikohoa. Dani alikuwa akisikia kutoka ng'ambo ya ua, kama kawaida yake. Ndiye aliyejibu.

"Wewe ni ogwang', mjukuu wangu. Msichana ni paka mwitu. Leo yuko uani, kesho yuko kwa watu."

Kesho yake, darasani, mwalimu akafundisha pembe mbili zinazojazana. Alisema pembe mbili zikijumlishwa zikawa pai, hizo zinaitwa saplimentari. Ukiijua moja, umeijua nyingine, ni pai toa hiyo ya kwanza. Hakuna salio. Niliandika maneno hayo, "hakuna salio," nikaona boma letu lote kwenye ukurasa. Kutoka langoni hadi simba ya Odhiambo ni pembe ndogo. Kutoka simba hadi mlango wa Mama ni iliyobaki. Zinajaza pai. Upande wa pili, mdogo wangu wa kiume na Mama watajaza pai nyingine. Mduara umekwisha. Nilikaa pale nikiwa na uhakika kamili kwamba hesabu yenyewe, si Waya tu wala Dani, ilikuwa imenifukuza nyumbani. Leo najua kwamba mstari unaweza kukatwa mara nyingi utakavyo na jumla isibadilike. Siku ile niliona milango miwili na mimi nje.

Mwalimu hakuwa amemaliza. Akaongeza kwamba kuna jozi nyingine, pembe mbili zinazojaza pembe mraba tu, yaani pai juu ya mbili, na hizo zinaitwa komplimentari. Akachora mduara, akakata robo. Nikainua kichwa. Katikati kabisa ya ukingo, kati ya lango na mlango wa Mama, kulikuwa na nukta isiyokuwa ya mtu. Upande wa kushoto pale palikuwa na nyasi tupu na jiwe la kunolea panga. Hakuna aliyewahi kuonyeshwa hapo kwa kidole. Robo ya mduara, pai juu ya mbili, mahali palipo umbali sawa kutoka kwa wanaoingia na kutoka kwa Mama. Kwa furaha yangu nilimjibu mwalimu swali ambalo hakuwa ameuliza.

Waya alirudi Jumapili kuja kuchukua neno la mwisho la Baba. Walikaa kibarazani na chai. Nikaamua ndiyo siku.

Kamba moja ya mbuzi haikutosha kutoka katikati ya zizi, ambalo ndilo kitovu cha boma, hadi kwenye ua. Kwa hiyo nilizifungua zote nikaziunga. Inawezekana msomaji ameshaona tatizo. Mimi sikuliona, nilikuwa kwenye mambo makubwa. Nilipigilia kigingi katikati ya zizi, miguu imezama kwenye samadi, nikavuta kamba hadi kwenye ojuok, nikaikata hapo. Kisha nikaanza kuilaza kando ya ua kutoka langoni. Kamba moja. Nusu. Na kipande kidogo, nilichokadiria kwa jicho moja kwa sababu la pili lilikuwa limepata utomvu. Nikafika kwenye nyasi karibu na jiwe la kunolea. Nikachonga kijiti, nikakifunga kitambaa chekundu cha skafu yangu iliyochakaa, nikakigonga kwa jiwe mpaka kikasimama imara. Kisha nikarudi zizini kuhakiki kutoka kitovuni, kama mtu wa vipimo anavyopaswa.

Mama akatoka jikoni na birika la pili. Akafika nusu ya uwanja, akakiona kijiti. Akasimama. Akaweka birika chini, juu ya udongo mtupu, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya.

Sasa, kwa mtu wa kwingine, kijiti chenye kitambaa ni kijiti chenye kitambaa. Kwetu, katika boma la mume mmoja na mke mmoja, kijiti kipya kilichopigiliwa ubavuni mwa nyumba ya mke kina maana moja.

"Baba Odhiambo," Mama akasema. Sauti yake ilikuwa ya upole kiasi cha kutisha. "Ni nani?"

"Nani yupi?"

"Anayekuja. Nataka tu kujua ni wa wapi. Ni wa Mbita au wa ng'ambo Tanzania?"

Waya akafuata macho ya Mama, akakiona kijiti, akaweka kikombe chini kwa kishindo.

"Kaka. Hata chai hatujaimaliza, unatuletea wifi?"

"Mimi sijapigilia kitu," Baba akasema.

"Kijiti kimejiotea," Mama akasema. "Na kikajivika skafu."

Wakati huohuo sauti ya Dani ikapaa kutoka ng'ambo, ikiwataja mbuzi mmoja mmoja na mama zao. Walikuwa wote ndani ya kunde zake. Odhiambo akakimbia huko na fimbo, Dani akaja huku kutafuta aliyewafungua, na kila mtu akawa uwanjani kwa pamoja. Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya zizi, nimeshika ncha ya kamba, jicho moja limefumba.

"Ni changu," nikasema.

Mama akanitazama, akatazama kijiti, akatazama kamba. Niliona mabega yake yakishuka. Halafu akaliokota birika na kumwongezea Baba chai, akaijaza mpaka ikamwagika kidogo kwenye kisahani. Ndiyo njia yake ya kuomba radhi.

Odhiambo alikuwa amerudi akihema. "Ati chako? Mimi sijachimba hata shimo moja, wewe umeshajenga mji?"

"Mkubwa hajajenga, mdogo hapigilii," Dani akasema. Hakuwa anatania tena. "Na msichana hapigilii kabisa. King'oe wewe mwenyewe, kwa mkono uliokiweka, kabla jua halijatua."

"Nitaking'oa, Dani. Lakini ngojeni kwanza nithibitishe."

Nawaambia ukweli, sikuwa na woga hata chembe. Nilitoka zizini na samadi yangu, nikasimama mbele yao kama wakili. Nikaeleza redian, kamba na ukingo. Nikawaonyesha kwamba lango na mlango wa Mama viko umbali wa pai moja. Nikaonyesha simba ya Odhiambo na pembe inayoijaza hadi robo. Nikafika kwenye nyasi. "Na hapa ni pai juu ya mbili. Si pa Odhiambo, si pa mdogo wangu, si pa mke mwenza wa mtu. Nimepima kwa kamba za mbuzi wa hapa, kutoka katikati ya zizi la Baba. Mahali pangu pamo katika mduara huu. Kwa hiyo siendi Homa Bay."

Hakuna aliyecheka, hata Odhiambo.

Waya ndiye aliyesimama. Alikuja mpaka kwenye kijiti, akakitazama.

"Unapima vizuri," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuvuka ua. "Mimi nilizaliwa hapo ng'ambo, katika mduara wa baba yangu. Niliporudi kutoka Karungu na sanduku langu, nilizunguka ndani mara nyingi. Hakuna aliyenionyesha nyasi kama hizi."

Dani aligeuza uso akaanza kuwahesabu mbuzi.

"Sasa niambie, nyar owadwa," Waya akasema, maana yake binti wa kaka yangu. "Hii redian yako, ukiipeleka kwenye boma kubwa kuliko hili, inakuwa kubwa?"

"Hapana." Lilikuwa swali rahisi, la mwanzo kabisa, nikalirukia. "Kamba ndiyo inakuwa ndefu. Ukingo pia. Pembe ni ileile."

"Na boma dogo?"

"Ileile."

"Kwa hiyo haikai kwenye boma. Inakaa kwa anayeipima."

Nikaona mtego nilioingia.

"Na Homa Bay je?" akauliza.

Hapo ndipo Baba alipoinuka kutoka kibarazani. Alikuja polepole, akachukua ncha ya kamba mkononi mwangu. Sikuwahi kumwona akiwa hivyo. Baba yangu, ambaye tangu darasa la kwanza alikuwa akikasirika nikikosa hesabu moja tu, alinisogelea akasema chini chini, asisikike na dadake:

"Usiharakishe. Hebu rudia hesabu. Mtu anaweza kukosea."

Nilimtazama. "Tutaona" yote niliyoisikia wiki ile ikajigeuza mbele yangu. Alikuwa akiningoja nimpe sababu ya kukataa. Neno moja la wasiwasi, kukuna kichwa kidogo, na ningelala kwa Dani usiku ule na kila usiku baada yake. Waya alijua hivyo pia, na aliniacha nichague.

Lakini nilikuwa sahihi. Hilo ndilo la kunicheka, chekeni. Nilitaka kubaki kuliko kitu chochote duniani, isipokuwa kimoja, na kile kimoja kilikuwa ni kutokosea.

"Sijakosea, Baba," nikasema. "Hata Homa Bay ni ileile."

Akatikisa kichwa kukubali, mara kadhaa, kama mtu aliyepewa bei na haiwezi kushuka. Nikaenda nikaking'oa kijiti kwa mkono wangu. Nilipogeuka, Baba alikuwa ameanza kuikunja ile kamba ndefu, kutoka kiganja hadi kiwiko, kutoka kiganja hadi kiwiko, na hakuharakisha hata kidogo.